Tusimwulize Imani Yake Iko Wapi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, yaliyotolewa ndani ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili)

 

Tunawashukuru kwa kubaki. Tunajua jua limepanda na wengine mmeacha chungu jikoni. Kwa kawaida tukija hapa tunazungumza habari za samadi, choo bora, au vitabu vya maktaba ya kijiji. Leo hatukuja na samadi. Tumekuja na jambo lililotutokea sisi wenyewe, katika darasa letu la kisomo, na ambalo hatukulifanya vizuri. Mwinjilisti alipotuomba tulieleze mbele ya watu, tulisita. Kisha tukaona kwamba kosa lenyewe tulilifanya mbele ya watu, basi na tuliseme mbele ya watu.

Tunawaona pia ndugu zetu Waislamu walioketi pale karibu na mlango. Karibuni sana. Tutataja Biblia mara nyingi kwa sababu hapa ni kanisani, lakini ugonjwa tutakaoueleza hauulizi mtu dini yake.

Haya. Katika darasa letu moja alikuwako mama mmoja. Jina hatulitaji. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kusema habari zake bila jina. Na kijiji chenyewe si hiki, kwa hiyo msianze kutazamana.

Mama huyu alikuwa mwanakisomo hodari. Alianza akiwa hajui kushika kalamu. Mwaka haujaisha, alikuwa akisoma mwenyewe barua za mwanawe aliyeko mjini, bila kumwita mtoto wa jirani amsomee. Akawa mwimbaji wa kwaya. Siku ya Jumapili alipewa kusoma neno mbele ya usharika, na alisoma polepole, kila silabi mahali pake. Sisi walimu tulikuwa tukimtaja katika mikutano kama mfano. Shamba lake nalo lilikuwa la kwanza kupaliliwa.

Kisha akajifungua mtoto wa nne. Miezi michache baadaye akaanza kuchelewa darasani. Akija, anakaa nyuma, daftari limefungwa. Tukimwuliza swali anatutazama kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Shamba likaota magugu. Kwenye kwaya akaacha kuonekana. Ukipita kwake asubuhi unakuta mlango umefungwa, na watoto wako nje hawajanawa uso.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulimkemea. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba elimu haimngoji mvivu. Aliposhindwa kuja majuma matatu mfululizo, tuliandika neno moja katika daftari la mahudhurio: MTORO. Tuliliandika kwa wino mwekundu, jamani, na tuliona tumefanya kazi.

Kanisani walianza vizuri kutuzidi. Walimwombea. Kuombewa ni jambo jema, na hatutaki mtu atoke hapa akisema ofisi ya elimu inapinga maombi. Lakini baada ya maombi ya kwanza, ya pili na ya tatu, watu waliona mbona habadiliki. Wakaanza kumchoka. Mmoja akamwambia atafute dhambi anayoificha. Mwingine akasema ni pepo, afunge siku tatu. Mama anayenyonyesha! Na mzee mmoja anayeheshimiwa sana akamwuliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, imani yako iko wapi?"

Baadaye mama huyu alitueleza hivi: "Neno la pepo halikuniumiza. Lililoniumiza ni lile la imani. Maana nilikuwa nikijiuliza mwenyewe usiku kucha, na sasa nikalisikia kwa mdomo wa mzee. Nikasema, kumbe ni kweli."

Usiku wa siku ileile alijaribu kujitoa uhai. Namna aliyotaka kuifanya hatutaieleza, haimsaidii mtu kuijua. Mtoto wake mkubwa aliamka akapiga kelele, na majirani wakafika.

Tutarudi kwa mama huyu. Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe.

Unaitwa sonona. Mwenye kalamu aandike. Neno si geni, maana sote tunajua kusononeka. Mtu akifiwa husononeka. Mahindi yakikauka kabla ya kubeba, husononeka. Huo si ugonjwa, ndiyo maisha. Aliyefiwa hulia, hula kidogo, lakini siku zinavyokwenda unamsikia tena akicheka na wajukuu. Sonona ni pale huzuni inapokataa kuondoka. Waganga wa hospitali hutazama kama hali imekaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Mtu haoni raha ya kitu chochote, hata kile alichokipenda. Usingizi hukatika, akaamka saa tisa ya usiku akangoja jogoo. Au kinyume chake, hulala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Mwili ni mzito kama umebebeshwa gunia. Kichwa hakishiki maneno, na ndiyo sababu mwanakisomo wetu hodari hakuweza tena kujibu swali. Mtu hujiona hafai kitu, hujilaumu hata kwa makosa ambayo si yake. Wengine hufika mahali pa kuona heri kufa.

Jambo moja tulitilie mkazo. Huku kwetu wengi hawaji zahanati wakasema nina huzuni. Wanasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, nina mawazo mengi. Wanapimwa malaria, hakuna. Wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi nyumbani, baada ya juma wapo tena kwenye foleni. Na wanaume ndio wagumu zaidi kutambulika. Mwanaume mwenye sonona mara nyingi hufoka ovyo, hukimbilia pombe, hukwepa watu. Tunamwita mkorofi, na pengine ni mgonjwa.

Msidhani ni ugonjwa wa watu wachache au wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wana sonona, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Katika wanawake wajawazito na wale waliojifungua karibuni, zaidi ya mmoja katika kila kumi hupatwa nao. Hesabuni akina mama wenye watoto wachanga katika usharika huu, mpige hesabu wenyewe. Hesabu za kugawanya tulishafundishana.

Chanzo si kimoja. Wengine wamezaliwa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Wengine huupata baada ya kujifungua, au baada ya msiba, deni, kupigwa nyumbani, ugonjwa wa muda mrefu, au pombe. Mara nyingi mambo mawili matatu hukutana. Na mara nyingine huoni sababu kabisa: mtu ana chakula, ana watoto wazima, mume hana ugomvi, na ugonjwa umemwingia vilevile. Hapo ndipo watu husema, "Huyu anakosa nini?" Mbona mwenye kifafa hatumwulizi anakosa nini?

Sasa tuje kwenye lile swali la mzee, la imani. Wengi wenu sasa mnasoma Biblia wenyewe, hamtegemei kusomewa. Basi fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni. Nani ana imani kumshinda Eliya siku ile? Halafu Yezebeli akamtishia maisha, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Nabii! Sasa tazameni Mungu alimjibu vipi. Hakumwuliza imani yake iko wapi. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula tena. Maneno yalikuja baadaye, tena yalikuja kwa sauti ndogo.

Sisi tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi. Tulikuwa tukiufurahia moto wa Karmeli na kuuruka mkate.

Na marafiki wa Ayubu, mnawakumbuka? Tumezoea kuwasema vibaya. Lakini walianza vizuri. Walipomwona walilia, wakaketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Siku saba! Nani kati yetu amekaa na mgonjwa hata saa moja bila kumpa shauri? Waliharibu walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, wala si Ayubu aliyekuwa ameilaani siku ya kuzaliwa kwake.

Someni pia Zaburi ya 88 mkifika nyumbani. Zaburi nyingi za majonzi huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa. Hii huanza kwa kilio na kuishia gizani. Hata hivyo imo katika Biblia, na hakuna aliyeiondoa.

Mtu anaweza kusema, hizo ni habari za zamani za manabii. Basi tutawaeleza habari za mtu ambaye mnamwimba bila kumjua.

Mnaufahamu wimbo wa Damu Imebubujika katika Tenzi za Rohoni. Umeimbwa katika misiba mingi ya hapa, umeimbwa katika Meza ya Bwana. Aliyeutunga kwa Kiingereza ni William Cowper, mshairi wa Uingereza. Jina huandikwa hivyo lakini hutamkwa Kupa. Wanaolalamika kwamba kusoma Kiswahili ni kugumu washukuru. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1731, mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Akasomea sheria. Mwaka 1763 alitakiwa kufanyiwa mtihani kwa ajili ya kazi fulani ya bungeni. Hofu na huzuni vikamshika hata akajaribu kujiua. Alipelekwa kwa mganga mmoja aliyekuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, akakaa huko mwaka na nusu. Huko ndiko alikoanza kusoma Biblia na kuamini kwa moyo wake wote.

Sasa sisi wapenda ushuhuda tungependa hadithi iishie hapo. Aliamini, akapona, haleluya. Haikuishia hapo.

Mwaka 1767 alihamia mji mdogo wa Olney, akiishi na mjane mmoja aliyemtunza kama ndugu. Mchungaji wa pale alikuwa John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa, akaacha, akawa mtumishi wa kanisa. Wakawa marafiki. Cowper alitembelea maskini na wagonjwa pamoja na mchungaji wake, akatunga nyimbo, na huu wa Damu Imebubujika ni mmoja wa hizo. Halafu mwaka 1773 ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Akaamini kwamba Mungu amemtupa, yeye peke yake duniani. Akaacha kwenda kanisani. Akaona hata kusali hana ruhusa. Fikirini, jamani. Mtu aliyetunga wimbo wa damu inayosafisha wote, sasa anasema yeye haimhusu!

Mchungaji Newton alifanya nini? Alimpokea nyumbani kwake. Cowper pamoja na yule mama aliyemtunza walikaa katika nyumba ya mchungaji zaidi ya mwaka mzima. Mwenye kupata kulaza mgonjwa nyumbani anajua maana ya mwaka mzima. Polepole Cowper akaanza kufanya kazi ya mikono: bustani, useremala. Majirani walimletea sungura, akafuga watatu, akawajengea vibanda, na baadaye akaandika habari zao, kila mmoja na tabia yake. Mwaka 1779 kitabu cha nyimbo za Olney kikachapwa, nyimbo 348. Nyingi ni za Newton, lakini za Cowper zimo, na jina lake limo. Newton hakusema, "Huyu haji kanisani siku hizi, tumwondoe." Aliziacha nyimbo za mgonjwa ziimbwe na wazima.

Je, Cowper alipona? Hapana, hakupona kabisa. Alikuwa na miaka ya nafuu, akaandika mashairi yaliyompa sifa kubwa, yakiwamo ya kupinga biashara ya utumwa. Ugonjwa ukamrudia tena na tena. Alifariki mwaka 1800 akiwa bado gizani. Newton, aliyekuwa amekwisha hamia London, alimhubiria mahubiri ya kumkumbuka kama ndugu katika Kristo. Miaka ishirini na saba imepita tangu siku ile Cowper aliposema ametupwa, na rafiki yake hakukubaliana naye hata siku moja.

Zamani zile hapakuwa na dawa za sonona kama zilizopo leo. Tungependa kujua ingekuwaje kama zingekuwapo. Sisi tunazo, na bado tunamwambia mtu afunge siku tatu.

Turudi sasa kwa mama yetu. Baada ya usiku ule, watu walimwogopa. Wengine walipita njia ya nyuma wasikutane naye. Sisi tulikwenda mara moja, tukasimama mlangoni, tukasema pole, tukaondoka. Aliyeingia ndani ni bibi mmoja wa kikundi cha wanawake. Bibi huyu, tusifiche, ndiye aliyekuwa wa mwisho darasani kwetu. Mpaka leo herufi za b na d anazichanganya. Alikuja asubuhi na uji wa ulezi ndani ya kibuyu. Akaketi juu ya kinu. Mama akageukia ukutani. Bibi akakaa tu, akichambua maharage aliyoyaleta mwenyewe. Mchana akawaogesha watoto, akaenda. Kesho yake akaja tena. Siku ya nne akaja na wenzake watatu wa kikundi, wenye majembe. Wakapalilia shamba bila kumwambia lolote. Siku ya sita mama akauliza, "Bibi, huniulizi kwa nini nilifanya vile?" Bibi akamjibu, "Nitakuuliza ukimaliza uji."

Tulimwuliza bibi alifundishwa na nani. Akasema hakufundishwa. Dada yake alikuwa hivyo zamani, na watu walimsema mpaka akafa, naye alikuwa miongoni mwa waliosema.

Siku ya kumi bibi alimshika mkono wakaenda zahanati, na zahanati wakaandikiwa hospitali ya wilaya. Huko walimsikiliza. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku na kumwambia arudi kila mwezi kuzungumza. Hapa tueleze kidogo, kwa sababu wengi huharibikiwa hapa. Dawa za sonona si kama dawa ya kichwa. Huchukua majuma mawili, manne, au zaidi kabla mtu hajaona nafuu. Siku za kwanza anaweza kuona kinywa kikavu au usingizi mzito, akasema dawa hii mbaya. Avumilie, amweleze mganga. Akipata nafuu asiziache ghafla, kwa kawaida huendelea nazo kwa miezi mingi hata baada ya kujisikia vizuri. Anayenyonyesha amwambie mwuguzi ili apewe inayofaa. Na si wote wanaohitaji vidonge. Wenye hali nyepesi husaidiwa kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa.

Mazungumzo hayo si lazima yafanywe na daktari. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari mmoja aitwaye Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza watu wenye mawazo. Benchi huwekwa nje ya zahanati, bibi anaketi na mgonjwa, wanatafuta pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kubwa kuliko wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Bibi wetu wa uji hajawahi kusikia habari za Zimbabwe. Tulipomweleza alicheka, akasema afadhali wao wana benchi, yeye alikaa juu ya kinu.

Wala kanisa halianzi kazi hii leo. Katika mkoa wetu huu wa Tanga, juu kule milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, iko hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walipajenga mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 pakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, na ndipo pa kwanza katika Afrika Mashariki kwa kazi hiyo. Wagonjwa wa huko hupata dawa, na pia hufanya kazi: shamba, ufundi. Wako watu wanaoogopa hata kulitaja jina la Lutindi, wanadhani ni kwa vichaa wa kufungwa kamba. Lakini Wakristo wa wakati ule waliona wagonjwa hawa wana haki ya kitanda, chakula, jembe na ibada. Wengine wetu bado tunajadili kama wanafaa kukaa kwenye benchi la mbele.

Lile swali la pepo tunajua litaulizwa, kwa hiyo tulijibu kabisa. Hatukuja hapa kuwafundisha wachungaji habari za mapepo. Tunasema hivi tu: anayetaka kuomba, aombe. Lakini asimzuie mgonjwa kwenda hospitali, asimnyang'anye vidonge akisema kuvimeza ni kukosa imani, asimpige, asimfunge kamba, asimnyime chakula. Mtoto akivunjika mguu tunaomba, kisha tunampeleka kufungwa mguu. Hakuna aliyewahi kusema jasi ni dalili ya imani haba.

Na jambo jingine, lenye hatari. Mtu akisema amechoka kuishi, msimcheke, wala msimtishe kwa moto wa milele. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Watu huogopa kuuliza wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo. Kumwuliza hakumtii wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Kisha asiachwe peke yake. Sumu za shambani na vitu vingine vya hatari viondolewe nyumbani, na apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo, isiwe kesho.

Yule mzee aliyeuliza imani iko wapi, alikwenda mwenyewe kwa mama yule. Tunasikia alikaa kwa muda mrefu bila kusema, kisha akasema, "Binti yangu, nilikosa." Sisi tulichukua muda mrefu zaidi yake, kwa sababu msomi huwa mzito kutubu. Tulikwenda na lile daftari la mahudhurio. Tulitaka tulikate lile neno jekundu mbele yake. Akalichukua, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, m-to-ro. Akasema, "Liacheni, mwalimu atakayekuja baada yenu alisome. Ila andikeni pembeni kilichokuwa kweli." Tukampa kalamu aandike mwenyewe. Aliandika: NILIKUWA MGONJWA.

Amerudi darasani. Amerudi kwaya. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, ugonjwa ulimrudia kidogo, akakaa majuma kadhaa bila kuimba. Tulikuwapo Jumapili moja. Kwaya walikuwa wamemwachia nafasi yake katika mstari, naye akaja akasimama hapo, kimya. Waliimba Damu Imebubujika. Hakufungua kinywa hata ubeti mmoja. Bibi alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kitabu katikati yao wawili, akiimba kwa sauti yake ile ya kukwaruza, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Sasa tuyasikie maswali yenu. Mwuguzi wa zahanati tumekuja naye, yule pale mwenye kanga ya kijani. Amekubali kubaki mpaka saa nane. Anayetaka kusema naye bila kusikiwa na watu atamkuta kwenye lile benchi chini ya mwembe, na hatutaandika jina la mtu.